Sindano ya RSV ya mtoto mchanga: dawa nyota tano, kuipata nyota mbili

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Sindano yenyewe, Beyfortus, nyota tano. Nesi aliyemdunga mwanangu, tano na chai ya tangawizi juu yake. Mapokezi ya kliniki yetu hapa Ohio, Marekani, siitaji jina, nyota moja na hiyo moja ni ya kiti cha kukalia. Watu wa bili ntawafikia mwisho, wao wana stori yao.

Mimi mtu wa Kilifi, niko huku Columbus mwaka wa saba saa hii, watoto wawili. Mkubwa msichana, alizaliwa Agosti 2022. Mdogo mvulana wa mwisho wa Julai 2025. Huyu wa kwanza ndiye alonifundisha RSV, kirusi cha mapafu na njia ya hewa, ni nini, na alinifundisha kwa fimbo.

Ilikuwa Novemba 2022, mtoto ana wiki 12. Ilianza na kamasi tu jamani, mafua haya haya tunayoyajua, nikamtilia maji ya chumvi puani nikamkamua, nikasema kesho atakuwa sawa. Siku ya tatu usiku akawa hanyonyi. Anashika titi, anavuta mara mbili, anaachia, analia lakini sauti haitoki. Nikamvua nguo taa ikiwa imewashwa nikaona pale chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi, tundu za pua zimetanuka, na nepi niliyomvika mchana bado kavu. Mtu akikuuliza dalili za hatari mwambie hizo hizo, kubonyea mbavu, kutonyonya, nepi kavu, na rangi ya midomo ikibadilika usingoje hata kutafuta viatu.

Hospitali ilikuwa imefurika. Mwaka ule RSV, flu na korona vilishuka pamoja, vitanda vya watoto viliisha miji mingi ya Marekani, sisi tulikaa chumba cha dharura masaa 11 mtoto akiwa na kibomba cha oksijeni puani ndio tukapanda wodini. Siku tano. Na kilichonimaliza ni kuambiwa hamna dawa. Daktari alinikalisha akanieleza pole pole, hiki ni kirusi, antibayotiki haikiwezi, kazi yetu ni kumpa hewa na maji na kumnyonya kamasi mpaka mwili wake wenyewe ushinde. Kwa hiyo unakaa pale unaitazama ile namba ya oksijeni kwenye kioo, 91, 89, 93, 88, unaanza kuiombea dua namba.

Baadaye ndio nikaambiwa hii huku ndiyo inayowalaza watoto wachanga kuliko kitu chochote. Kwa hesabu za CDC, idara ya serikali ya huku ya kudhibiti magonjwa, watoto kati ya 58,000 na 80,000 wa chini ya miaka 5 hulazwa Marekani kila mwaka kwa RSV, na katika kila watoto 100 wa chini ya miezi 6, wawili au watatu wataishia wodini. Na wengi wao si watoto njiti wala wagonjwa wa moyo, ni wazima kama wangu, miezi tisa kamili, kilo nzuri. Hapo ndipo nilipokasirika manake kinga ilikuwepo tangu 1998, inaitwa Synagis, lakini ilikuwa ya kudungwa kila mwezi msimu mzima na bei yake ya kutisha, basi wakaiweka kwa njiti na wenye maradhi ya moyo na mapafu tu. Wangu hakuwa na sifa. Sifa yake ni kuwa alikuwa mzima.

Haya sasa tuje kwenye bidhaa.

Beyfortus, jina la dawa ni nirsevimab, ya AstraZeneca na Sanofi, ilipitishwa Marekani Julai 2023. Sindano moja tu pajani na inamlinda mtoto miezi mitano hivi, yaani msimu wote, ambao huku ni kama Oktoba mpaka Machi. Ni ya kila mtoto wa chini ya miezi 8 anayeingia msimu wake wa kwanza, mzima au mgonjwa. Chini ya kilo 5 anapata miligramu 50, kuanzia kilo 5 anapata 100. Shikeni hapo kwenye kilo, ntarudi.

Nilipomwambia mamangu kwenye simu akaruka. Mwanangu, akaniambia, huyo mtoto mnamdunga kila uchao, kwani ni mto wa sindano? Nikamwambia Mama, hii hata si chanjo hasa. Chanjo ni kumfundisha mtu kupika, inachukua muda mpaka mwili ujue kupika wenyewe, na mtoto wa miezi miwili jiko lake bado changa. Hii ni kuletewa pilau imeshapakuliwa kwenye sahani. Kingamwili, yaani protini ya kupambana na kirusi, imetengenezwa tayari, inaingia mwilini inakaa mlangoni, kirusi kikija kinakuta mlango umeshikwa. Lakini pilau ya kuletewa ikiliwa inaisha, ndio maana miezi mitano. Akanyamaza kidogo, akauliza, na nyama imo? Nikasema imo Mama. Basi mpeni.

Mume wangu ndiye alikuwa mgumu. Yeye alisoma mtandaoni kuwa zamani Wamarekani walijaribu chanjo ya RSV ikaua watoto, akanionyesha simu usiku wa manane kama mtu aliyekamata mwizi. Na usimcheke, ni kweli. Katikati ya miaka ya 1960 walitengeneza chanjo ya kirusi kilichouliwa kwa fomalini, wakawadunga watoto wadogo, na walipokuja kuambukizwa RSV yenyewe wale waliochanjwa waliumwa zaidi kuliko wasiochanjwa, karibu asilimia 80 wakalazwa na wawili wakafa. Ndio sababu uwanja huu ulilala miaka mingi hivyo, watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini muulize pia ni nini kilibadilika. Ile protini ambayo kirusi hutumia kuungana na seli zetu kiingie ndani, wanaiita F, ina sura mbili, moja kabla haijaungana na nyingine baada ya kuungana, na ile chanjo ya zamani ilikuwa inaufundisha mwili sura ya baada, yaani unapewa picha ya mwizi akiwa ameshabadilisha nguo. Mwaka 2013 Jason McLellan, Barney Graham, Peter Kwong na wenzao wa NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, walifaulu kuipiga picha ile sura ya kabla, na humo ndimo zinamotoka chanjo mpya za RSV. Na tena nirsevimab haimfundishi mtoto chochote, ni kingamwili tupu, kwa hiyo lile kosa la kufundishwa vibaya halipo. Nilimweleza hivo akasema sawa lakini mimi ndio ntamshika siku hiyo. Akamshika kweli, na ndiye aliyelia.

Sasa kuipata. Ah.

Niseme kwanza niliona yaliyompata jirani yangu, mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, yeye mtoto wake alizaliwa 2023 mwaka ule dawa ilipotoka. Ilitoka na ikaisha, Oktoba hiyo hiyo CDC ikatoa tangazo kuwa dozi za miligramu 100 hazitoshi na wapewe kwanza walio hatarini zaidi. Alipiga simu kliniki nne akiwa na mtoto mgongoni, kila mahali anaambiwa hatuna, na nyingine wanamwambia tunayo lakini ni ya wale wa Medicaid tu, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, nyingine kinyume chake. Mtoto hakupata. Bahati yake hakuumwa, lakini bahati si mpango.

Kwa hiyo mimi mwaka jana nilijipanga. Agosti nimepiga simu. Nikaambiwa msimu haujaanza, piga Septemba. Septemba 24 tuko pale kwa chanjo zake za miezi miwili, mtoto ana kilo 4.8, nikauliza, na RSV? Dada wa mapokezi bila kuinua macho, tunaanza Oktoba mosi. Siku saba tu jamani! Nikasema basi niandikie Oktoba mosi. Nafasi ya karibu ni tarehe 20. Nikamwambia, dadangu, huyu mtoto dada yake alilazwa siku tano kwa kitu hiki hiki. Akasema naelewa, tarehe 20 asubuhi au mchana?

Tarehe 20 tunafika. Mtoto kwenye mizani, kilo 5.3. Maziwa ya mama yamefanya kazi yake. Nesi anatoka nyuma na uso wa msiba, kwenye friji zimebaki za miligramu 50 peke yake, za 100 zimeisha, ameshaagiza. Nikamuuliza si umchanganyie mbili za 50 basi, hesabu si ni ile ile, akaniambia hairuhusiwi kufanya hivo. Yaani wiki nne zile ningekuwa nimedungiwa ya kilo 4.8 nikaenda zangu. Mtoto amenenepa amejikosesha zamu.

Tukaandikiwa tarehe 29. Na katikati hapo, tarehe 23, yule msichana wangu wa miaka mitatu karudi kutoka skuli ya chekechea na kamasi mpaka mdomoni, anakimbia moja kwa moja kwenda kumbusu mdogo wake.

Hapa lazima niwapeleke Kilifi kidogo. Mwisho wa 2009 mpaka katikati ya 2010 watu wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, kundi la James Nokes, walizunguka vijiji vya kaskazini ya mji wa Kilifi kwenye nyumba zenye mtoto mchanga, mara mbili kwa wiki wanapangusa pua za kila mtu, baba mama watoto mpaka bibi. Mamangu mdogo anaikumbuka ile hadi leo, anasema watoto walikuwa wakiliona gari wanapanda mwembeni. Walichokitafuta ni nani anayemletea mchanga RSV nyumbani, na wakakuta zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa waliambukizwa humo humo ndani ya nyumba, na wanaokileta mara nyingi ni kaka na dada zao wakubwa, hasa wanaokwenda skuli. Sasa mimi niko Ohio baridi nje, namtazama mwanangu mwenye kamasi na ile simulizi ya mwembe inanirudia, nikamfunga huyu mdogo leso mgongoni siku sita mfululizo, namtenga na dada yake kama maji na mafuta. Mikono tumeosha mpaka ikababuka.

Tarehe 29 ndio akadungwa. Bomba lenyewe linakuja limejazwa tayari, lile la miligramu 100 kijiti chake cha kusukumia ni cha rangi ya bluu hafifu, la 50 ni zambarau, nimejua hayo kwa sababu nesi alinionyesha kabla ya kudunga na akanisomesha namba ya paketi. Aliniuliza kama mtoto amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa, akanieleza kuwa yanayotokea mara nyingi ni wekundu hapo palipodungwa na vipele vidogo, na kwamba mzio mkali ni nadra lakini tukae dakika 15. Mtoto alilia kama sekunde 20, akanyonya, akalala. Jioni paja lina wekundu kama sarafu ya shilingi tano. Kesho yake haupo. Hayo ndiyo madhara yote niliyoyaona. Huyu nesi ndiye mwenye nyota tano na chai.

Kwa waliozaa msimu wenyewe, Oktoba mpaka Machi, kazi ni nyepesi maana hospitali nyingi humdunga mtoto kabla hamjatoka wodini, ulizia tu kabla ya tarehe zako ili usikute hawana. Balaa ni sisi tuliozaa miezi ya joto tunaoambiwa rudi baadaye. Na ukiambiwa kuna nyingine inaitwa Enflonsia usishtuke, ni ya Merck imepitishwa Juni 2025, kazi ni ile ile ila dozi ni moja kwa kilo zozote. Ningeijua hii tarehe 20 ningegoma kuondoka.

Njia ya pili ni mama kuchanjwa akiwa na mimba, Abrysvo ya Pfizer. Hii ndiyo chanjo ya kweli, mama anafundishwa kupika halafu anampakulia mtoto kupitia kondo la nyuma. Marekani wanaitoa wiki ya 32 mpaka 36 ya mimba, na kwa kawaida Septemba mpaka Januari tu, mimba yangu ilikosea kalenda nikaikosa. Dadangu yuko Leeds, huko Uingereza walianza Septemba 2024, wanaitoa kuanzia wiki ya 28 na mwaka mzima hakuna msimu wala nini. Alikwenda kwa mkunga wake kwa jambo lingine kabisa, akaulizwa unaitaka leo, akavuta mkono wa gauni. Dakika tano! Mkono ulimuuma siku mbili. Hajalipa hata peni. Nikamwambia usinisimulie tena. Hiyo kwa upande wa kuipata naipa tano kamili. Jambo la kujua ni kwamba Wamarekani walibana zile wiki kwa sababu kwenye majaribio waliochanjwa walizaa kabla ya wakati wengi kidogo kuliko wenzao, tofauti ndogo isiyothibitisha kitu, ila waliamua kuwa waangalifu, kwa hiyo zungumza na mkunga wako. Na inatakiwa ipite wiki mbili kabla ya kuzaa ndio mtoto ahesabiwe amelindwa. Ukishachanjwa hivo mtoto kwa kawaida hahitaji tena sindano yake, ni moja au nyingine.

Je inafanya kazi? Mtoto wangu mmoja si ushahidi wa kitu. Januari hii ameumwa mafua, nimempeleka mbio wamepangusa pua, RSV ndio hiyo hiyo. Moyo ulinidondoka. Lakini alikuwa ananyonya, nepi zinalowa, mbavu hazibonyei, siku nne akawa anacheka. Ningeweza kusema ni bahati, ila kuna Galicia kule Hispania ambako msimu wa 2023 hadi 2024 waliwadunga zaidi ya asilimia 90 ya wachanga wao, na kinga dhidi ya kulazwa ikatoka asilimia 82. Haizuii kila mafua, inazuia wodi. Mimi wodi ndiyo naiogopa.

Kinachonikereketa ni kitu kimoja. Binamu yangu wa Kilifi alijifungua 2024, nikamwambia aulizie, akanitumia picha ya kijitabu chake cha kliniki, BCG ipo, polio ipo, pentavalenti, nimokoko, rota, hii haimo. Dunia nzima mwaka 2019 RSV ilikadiriwa kuchukua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5, na 97 katika kila 100 ya vifo hivyo ni nchi kama zetu, si huku kwenye oksijeni ya kumwaga. WHO ilikuja kuikubali rasmi chanjo ya wajawazito Machi 2025, na mwaka huo huo ikashauri nchi zote ziingize mojawapo ya kinga hizi mbili. Vizuri. Lakini zile pua zilizopanguswa 2009 zilikuwa za Kilifi, na wale waliokuwa wakipanda mwembeni sasa ndio wanaozaa.

Haya, bili. Kwa sheria ya huku kinga iliyopendekezwa kwa watoto bima inatakiwa ilipe yote, na mwenye Medicaid au asiye na bima dawa huipata bure kwa mpango wa Vaccines for Children. Dawa si rahisi, ilipotoka 2023 bei yake ya kliniki binafsi ilikuwa dola 495 dozi moja. Desemba nikaletewa barua nadaiwa zaidi ya dola 500. Napiga simu bima wanasema kliniki wameandika namba ya bili (code) kimakosa, napiga kliniki wanasema bima wamekosea, nikawaweka wote wawili kwenye simu moja mtoto akilia nyuma makusudi (nilimwacha alie kidogo, Mungu anisamehe), na ghafla ikajulikana kuwa ni kosa la kliniki. Watarekebisha ndani ya siku 30.

Nyongeza ya Februari: wamerekebisha siku ya 41. Nimeletewa barua nyingine ya kurasa tatu kunijulisha kuwa nadaiwa dola 0.00 na nilipe kabla ya tarehe 15.